Maneno Niliyokataa Kumsomea Yumma

Tangu nirudi Wundanyi na kugawa viatu vyangu vya kazi, simu yangu haipumziki. Ni nyinyi wasichana mnaojiandaa kwenda Doha kuhudumia wazee majumbani, na swali lenu ni lile lile: Mama Wakesho, mtu atakaaje kule kwa Waislamu miaka yote hiyo na abaki na wokovu wake? Mwanzoni nilikuwa nawajibu kwa mkato. Sasa nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimwambie akasome. Mambo ya mishahara na nani alipandishwa cheo msiyatafute humu. Katika kazi yetu kuna aliyelala na kuna aliyesimama, basi. Mimi nilisimama mpaka magoti yakagoma, ndiyo maana nimerudi.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya kufanya kazi ya kusaidia wauguzi katika hospitali ya misheni huku kwetu Taita. Wakati huo Lusail ilikuwa mchanga na upepo, na mtu akikuambia patajengwa mji pale ulikuwa unaitikia tu kwa adabu. Wakala alinipeleka Al Rayyan kwa mjane mmoja aliyeitwa Ummu Khalid, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nyumba nzima ilimwita Yumma, ndiyo mama kwa Kiarabu chao, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Kiharusi kilikuwa kimemuua upande wa kushoto. Ulimi hakikuugusa, nadhani hata nguvu za ule upande uliokufa zilihamia huko. Siku ya kwanza alinitazama kutoka viatuni hadi kitambaa cha kichwa, akamwambia binti yake Maryam kwamba ameletewa mwingine mwembamba, huyu atavunjika.

Aliyenikabidhi kazi alikuwa Sista Susamma, Mhindi wa Kerala, Mkristo tangu mababu wa mababu zake, aliyekuwa anarudi kwao kustaafu. Alinifundisha shuka la kugeuzia, lile linalokunjwa na kutandikwa katikati ya kitanda ili umgeuze mtu mzito bila kumvuta ngozi. Alinifundisha kusikiliza pampu ya godoro la hewa: ikibadilisha mlio usimuulize mtu, kaangalie mpira wa kupitishia hewa. Alinifundisha kunusa, kwa sababu kidonda cha mgongo hufika puani kabla hakijafika machoni. Nilipomuuliza mambo ya imani, kama nyinyi mnavyoniuliza mimi, alimfungua Yumma gauni kwa nyuma akanionyesha mgongo. Mwanamke yule alikuwa amelala miaka, na mgongo ulikuwa laini kama wa mtoto. Susamma akasema Injili inayoruhusiwa katika nchi hii ni hiyo, ukihubiri nyingine utarudishwa kwenu. Kisha akanituma nikalete maji ya moto.

Kosa langu la kwanza lilitokana na wema, na makosa ya wema ni magumu kuyatetea. Nilikuta kitanda kimeelekezwa kwenye kabati la nguo, nikaona huyu mama anaonewa, anatazama mbao mchana kutwa. Nikafungua breki za magurudumu nikamgeuza upande wa mlango, angalau aone watu wakipita. Yumma alipiga kelele hadi dereva wa nyumba akaja mbio kutoka nje. Huyo dereva ni Bakari, mtu wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili kilichonifanya nijione mgeni katika lugha yangu. Hakuingia chumbani. Alisimama kwenye korido akanieleza kwamba anayesali akiwa amelala chali huelekeza miguu kibla, na mimi dada yake nimemwelekeza mama wa watu uwanja wa ndege. Nilikirudisha kitanda kilipokuwa, nikabandika plasta sakafuni penye magurudumu ili hata wa kupiga deki asikisogeze.

Kazi iliyokuwa nyingi kuliko zote ilikuwa kumtawadhisha. Beseni, birika, taulo, mara tano kwa siku: mikono, mdomo, pua, uso, kichwa, hadi miguu. Kanisani kwetu, Alhamisi Kuu, mchungaji huosha miguu ya waumini wachache mara moja kwa mwaka, na waumini wenyewe huwa wameshaisugua nyumbani wasije wakaaibika. Mimi nilikuwa naosha ya kweli. Siwadanganyi kwamba nilijisikia mtakatifu. Mara nyingi nilisikia kiuno tu.

Miaka ilivyosonga akaanza kusahau amefika rakaa ya ngapi. Akikosea anarudia mwanzo, akirudia anakosea tena, mpaka analia. Basi nikawa namhesabia. Naketi kando yake na kumwambia, Yumma, imebaki moja. Habari zilipofika kanisani nilichekwa sana. Ati Wakesho siku hizi anasalisha. Niliwaacha wacheke. Mtu akishindwa kupanda ngazi unamshika mkono, humuulizi kwanza anakwenda kwa nani.

Yeye mwenyewe aliamini kwa muda mrefu kwamba mimi sisali. Hakuwa ameniona nikiinama wala kutandika kitu. Siku moja akaniuliza, nami nikamjibu kwamba naomba moyoni. Akaniuliza kama moyo wangu una saa. Nilitaka kuudhika, lakini nilipojichunguza nikaona mama ana haki. Kuna siku nzima zilipita nikifua, nikigeuza, nikilisha, na Mungu nikamkumbuka usingizi ukiwa umeshanishika. Toka hapo, akimaliza sala zake nami navuta kiti, nafumba macho, nasema yangu kimya kimya. Alikuwa ananisubiri nimalize ndipo aombe chai. Wakati mwingine aliniambia leo umefupisha.

Kule Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, kwa hiyo hata sisi ibada yetu ni Ijumaa. Mwanzoni tulikutana kwenye jumba la kupanga, viatu vimejaa mlangoni, tukiimba kwa kujizuia. Baadaye makanisa yakapewa eneo lao nje ya mji, majengo makubwa yasiyo na msalaba kwa nje, na ibada yetu ya Kiswahili ikapata zamu ya asubuhi mapema kabla ya Waethiopia. Zamu hiyo ilinifaa. Asubuhi mpishi, Mfilipino, anamwangalia Yumma, Bakari ananipeleka na kunirudisha. Adhuhuri wanaume wote wanakwenda msikitini, mpishi anakwenda misa yake, na mimi nabaki na Yumma. Hivyo ndivyo tulivyoishi, kila mmoja akimlindia mwenzake saa yake ya Mungu.

Sasa nifike penyewe. Baada ya kiharusi cha pili Yumma alijua hana muda. Kwa Waislamu, mtu anapokata roho, aliye karibu humsomea shahada, yale maneno ya kushuhudia kwamba Mungu ni mmoja na Muhammad ni mtume wake, ili anayekufa ayafuatishe na yawe maneno yake ya mwisho. Hofu ya Yumma ilikuwa hiyo tu. Kifo hakikumtisha, kilichomtisha ni kufa kimya. Watoto wake walikuwa wawili, Khalid na Maryam, kila mmoja na nyumba yake, na aliyekuwa naye saa zote ni mimi. Asubuhi moja, nikiwa namkausha vidole vya miguu, akaniambia kwamba wakati ukifika na hakuna mwingine, nimsomee mimi. Maneno nilikuwa nayajua, nani asiyeyajua baada ya miaka yote ile. Akataka nimwahidi.

Sikujibu siku hiyo. Ijumaa nilimwambia Mama Nekesa, kiongozi wetu wa akina mama, Mluhya wa Kakamega aliyekuwa mlinzi wa duka kubwa mjini na hana mchezo. Akaniuliza, hayo maneno yakitoka kwa mdomo wako, si umemkana Bwana? Nikamuuliza, na nikimwacha mama wa watu afe akilia, nimemkiri? Akanishika mkono tukaomba. Bakari naye nilimuuliza kwenye gari. Alisema usiposhuhudia kwa moyo hujawa Mwislamu, lakini akisikia mtu atakuhesabu Mwislamu, na hapo utajieleza mpaka uchoke. Halafu akasema hayo si maneno ya kukopeshana, dada yangu.

Wiki nzima nililibeba jambo hilo. Ningeweza kuahidi tu. Angetulia, na pengine siku yenyewe chumba kingejaa watu na ahadi isidaiwe kamwe. Wangapi huwaahidi wagonjwa na maisha yanaendelea. Lakini kila nilipomtawadhisha nilimwona ananitazama, anasubiri, na nikajua siwezi kumwosha huyu mtu uso huku namdanganya.

Nilimwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni, nimepiga magoti kando ya kitanda ili asilazimike kuinua macho.

"Yumma, yale maneno ni ushahidi. Mimi siushuhudii. Nikiyasema nitakuwa shahidi wa uongo, na sitaki uwe na shahidi wa uongo kando yako siku hiyo."

Nikaongeza upesi kwamba Maryam anaweza kuweka kaseti, au redio, iwe inasoma. Akasema redio haishuhudii, anayeshuhudia ni mtu. Kisha akageuzia uso ukutani.

Hakula mkononi mwangu siku hiyo wala iliyofuata. Maryam aliitwa, akamlisha yeye, na walizungumza mlango umefungwa. Alipotoka alinipita kama kiti. Nilijua ninachokisubiri, wakala apigiwe simu. Nililia chooni, maji nimeyafungulia. Nililia kwa ajili ya kazi, siwafichi, nilikuwa na mtoto chuoni. Lakini zaidi nililia kwa sababu nilimpenda yule mama na nilikuwa nimemnyima kitu pekee alichowahi kuniomba.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, akaniuliza akiwa bado ametazama ukuta: basi wewe utafanya nini? Nikamwambia nitahakikisha yupo mtu hai wa kukusomea, anayeyaamini, nikimtafuta popote. Na sitakuacha peke yako hata kidogo. Akasema uji umepoa, nikapashe moto.

Mwaka ulipita bila tukio. Nikajiwekea mipango kama mtu wa zimamoto: namba za simu ukutani, Bakari akinieleza kila mara anakokwenda, na Ijumaa, saa ile ambayo nyumba hubaki tupu, nikawa nasikiliza pumzi ya Yumma kuliko pampu. Na ilikuja Ijumaa.

Bakari alikuwa ametoka na Khalid. Maryam, ambaye kwa kawaida huja na chakula baada ya swala, siku hiyo alikuwa amewachukua watoto wake kwenda kusali msikiti mkubwa. Adhana ilikuwa imeshapita, imamu yuko kwenye hotuba. Nilikuwa namfuta Yumma midomo kwa pamba nikasikia pumzi imebadilika: ndefu moja, kimya, halafu fupi fupi. Hiyo ukiisikia mara moja huisahau. Nikampigia Khalid, simu imezimwa. Maryam, inaita tu. Bakari, imezimwa. Nani aje na simu inayolia msikitini? Majirani wako nyuma ya kuta ndefu, na wanaume wao wako huko huko. Kukimbia nje kutafuta mtu kulimaanisha kumwacha, na nilisema sitamwacha. Yumma alifumbua macho akanitazama. Alijua, na aliniona ninavyohangaika na simu.

Msikiti wa mtaa wetu uko nyuma ya nyumba, ukuta kwa ukuta. Ndani hatukuwa tunausikia vizuri. Madirisha ya kule hufungwa mwaka mzima kwa sababu ya vumbi, na la Yumma lilizibwa kwa utepe mnene pembeni zote. Lakini nilijua utaratibu wao. Hotuba ikiisha, kabla ya swala, mtu husimama akakimu, yaani akaita waumini wajipange kwa swala, na katika kukimu mna yale maneno yenyewe, kwenye kipaza sauti, kutoka kinywa cha mtu aliye hai na anayeyaamini. Nikachukua mkasi wa bandeji nikakata utepe, nikavuta kioo kwa mikono miwili. Joto likaingia na vumbi lake. Nikazima kiyoyozi, nikazima pampu ya godoro, nikazima kila kitu chenye mlio. Nikafungua breki nikazungusha kitanda robo duara, nikamgeuza kwa shuka, taratibu, ubavu wa kulia, uso kibla, nikamshikilia mgongo ili asirudi.

Sauti ya imamu ikaja wazi. Alikuwa bado anahubiri.

Na alihubiri. Wahubiri ni ndugu, dini yoyote; wa kwetu husema mwisho kabisa halafu anafungua ukurasa mwingine, na huyu naye kila nilipodhani anafunga dua alipata jambo la kuongeza. Pumzi za Yumma zilikuwa zinaachana. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma, jasho linanitoka, na nikaomba kwa sauti, kwa Kitaita, lugha ambayo hakuna wa kunishtaki kwayo: Bwana Yesu, mkumbushe huyu sheikh kwamba watu wana njaa. Najua hamtalipata ombi hilo kwenye kitabu chochote cha sala. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo wangu wote kama siku hiyo. Na nilimwambia Yumma sikioni, kwa Kiarabu, asubiri, yanakuja, asubiri kidogo.

Imamu akanyamaza. Sauti nyingine, ya kijana, ikakimu. Maneno yakafika chumbani kama yamesemwa mlangoni. Midomo ya Yumma ikatingishika. Sauti haikutoka, lakini nilikuwa nimeinama juu ya bega lake, nikaiona midomo ikifuata neno kwa neno, na kidole cha shahada cha mkono wake mzima kikasimama kwenye shuka. Huko nje watu wakaingia katika swala. Waliposujudu yeye alikuwa ameshakwenda. Nilimfumba macho nikabaki nimemshikilia hivyo hivyo mpaka nikasikia geti.

Chumba kikajaa upesi. Khalid, Maryam, shangazi zao, wanawake wa jirani. Khalid alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto. Aliniuliza kama mama yake alisomewa. Kabla sijafungua mdomo, mwanamke mmoja akasema mashallah, kumbe huyu amemsomea, Mungu amemwongoza, na wengine wakaanza kunishika mabega na kunibusu. Wote walikuwa wananitazama kwa upendo ambao sikuwahi kuupata katika nyumba ile. Ningenyamaza tu wangeondoka na faraja yao.

Nikawaambia hapana. Mimi sikusema neno hata moja. Yamesemwa na aliyekimu msikitini, Yumma akayafuata, na mimi nilifungua dirisha tu.

Mikono ikatoka mabegani mwangu. Khalid alitazama dirisha, akatazama vumbi lililotanda kwenye mashuka meupe, akatoka. Wanawake wa kuosha wakaja na mabeseni yao, na kwa adabu kabisa wakaniambia nitoke, kwa kuwa mwili wa Mwislamu huoshwa na Waislamu. Mwili ule niliouosha kila siku. Nikatoka, nikakaa sakafuni kwenye korido, nikisikia maji yakimwagwa na mikono isiyo yangu, nikawaza sanduku langu liko wapi.

Maryam ndiye aliyekuja. Alivuta abaya yake akakaa chini kando yangu, mabega yamegusana, akalia.

"Alituomba sote," akasema. "Khalid alimwambia atakuwepo. Mimi nilimwambia nitakuwepo. Wewe peke yako ndiye uliyemkatalia, na siku ile nilitaka kukurudisha kwa wakala. Yeye ndiye aliyenizuia. Alisema, huyo aliyeshindwa kunidanganya nikiwa mzima, ndiye nitakayemwona siku hiyo. Nyinyi hamtakuwepo."